Hom Sinema na Chupa ya Mama

Harusi yangu imedumu kwenye diski kuliko ilivyodumu nyumbani. Bwana harusi alishaondoka zake, akaenda kumchosha mwanamke mwingine, lakini diski ipo, saa tatu nzima, na kila mgeni aliyefika kwetu Kanyosha ameshawekewa. Kwetu Bujumbura ndivyo tulivyo: mgeni akikaa, kabla Fanta haijafika, anaonyeshwa harusi ya nyumba hiyo. Hakuna anayejali kama ndoa yenyewe ilishakufa. Watu wanataka kuona magauni.

Televizyo yetu ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, ilipozima kabisa, nilimwambia mama tununue hom sinema ya bei ya chini: televizyo ya bapa, deki ya kuchezea diski, na bafle zake za kutolea sauti. Mshahara wangu wa ofisini Rohero hauruhusu maringo. Mama alikubali haraka mno, na sababu naijua. Kikundi cha maombi cha akina mama hukutana kwetu kila Jumapili mchana, na mwenyekiti wao, bibi mmoja mwenye macho makali, alikuwa anang'atuka. Wote walikuwa wanasema mama yangu ndiye atakayekaa pale. Mama alikitaka kile kiti kuliko anavyoitaka mbingu. Nilipomwambia hivyo alinitolea macho, lakini hakukataa.

Dukani tulimkuta muuzaji mtu mzima, Muislamu wa familia ya siku nyingi mjini, mwenye subira ya kunitosha hata mimi. Alitutolea deki mbili. Moja ya kawaida. Ya pili, iliyozidi bei kidogo, ina kitu kinaitwa apskeling.

"Ndiyo kusema nini?" nikamuuliza.

"Diski za zamani picha yake ni ndogo, dada. Ukiiweka kwenye televizyo kubwa inapwaya. Hii deki inainyoosha, inaijaza, inatoka safi."

Nikafurahi. Nilikuwa nimekuja na diski ya harusi kwenye mkoba tuijaribu palepale. Kabla sijaitoa, mama akanibana mkono na kunivuta mpaka kwenye mafriji.

"Apana," akasema. "Picha isikuzwe. Mi natafuta sauti tu, tusikie mahubiri."

"Mama, bei imepishana kidogo tu."

"Ile chupa," akasema chini chini.

Nikaelewa. Siku ya harusi yangu mama alikuwa hajaokoka. Kwenye diski amekaa meza ya mbele, amependeza na kitambaa chake cha kijani cha mvutano, kilichofungwa begani, na mkononi ana chupa kubwa ya kahawia. Aliokoka baada ya baba kufariki, akaingia kanisa ambalo bia ni dhambi nzito, na huko akatoa ushuhuda kwamba tone la pombe halijawahi kupita midomoni mwake. Ushuhuda mzuri sana, watu walilia. Kwenye televizyo ya zamani ile chupa ilikuwa doa tu, na kila aliyeuliza aliambiwa ni Fanta.

"Basi tuivunje hiyo diski yaishe," nikasema.

"Baba yako yumo."

Yumo, ndiyo. Mgongo wake umo. Yule mpiga video, Mungu amsamehe, alipiga keki dakika kumi, lakini uso wa baba hakuupata hata mara moja. Baba anapita nyuma ya mama na koti lake la kijivu, halafu basi. Na hicho kipande mama alikuwa akikitazama peke yake, akidhani simwoni.

Tukarudi kwa muuzaji, nikamwambia, "Kaka, niambie ukweli. Kitu ambacho kamera haikukishika, hii deki itakionyesha?"

Akacheka. "Wallahi, apana. Inakisia. Inatazama rangi ya huku na rangi ya huku, inajaza katikati. Na televizyo yenyewe inafanya kazi ileile. We na mama mukikaa mbali kidogo hamutaona tofauti. Pesa yako iweke kwenye bafle."

Muuzaji anayekataza mtu kununua cha ghali hujakutana naye mara nyingi. Nilimwamini, tukachukua deki ya kawaida na bafle nzuri. Njiani mama akaniuliza kama televizyo inaweza kukisia bia. Nikamwambia inakisia rangi, dhambi haizijui. Akanuna mpaka Kanyosha.

Jumamosi tulifunga waya zote, tukaweka diski ya harusi tuipime ile chupa. Mama aliamuru nizime sauti, eti majirani wasisikie. Tukasogea, tukakodoa macho. Doa lilikuwa limenenepa tu. Ingeweza kuwa Fanta, ingeweza kuwa shampuu. Mama akamshukuru Mungu, mimi nikaenda kupika, na kwa akili zangu hizi nikaiacha diski ndani ya deki.

Jumapili wakaja akina mama wanane, wamelowa mvua. Mwenyekiti akakaa kiti cha katikati, akasema tusikie hicho chombo kinavyoimba. Nikarudisha sauti, nikabonyeza, nikijua ni diski ya nyimbo za kwaya. Ikatoka harusi yangu. Niliruka kuizima.

"Acha, mutoto," mwenyekiti akasema. "Tuone harusi yetu."

Ukimnyima mgeni diski ya harusi, umeshasema kuna unachoficha. Mama alinitazama kwa jicho ambalo ningekuwa mdogo ningekimbilia kwa jirani. Tukatazama. Niliingia na gauni langu, wakanisifu. Bwana harusi akaingia, wakanyamaza kwa adabu. Halafu ikaja meza ya mbele. Mwenyekiti akainama kuelekea televizyo, akakunja macho, asione kitu. Mama akashusha pumzi.

Ndipo kwenye bafle ya kushoto, chini ya muziki, ikatoka sauti ya mwanaume. Kwenye televizyo ya zamani mahali pale palikuwa na mngurumo tu.

"Muongezeye mama ya bibi-arusi ingine," ilisema. "Leo mutu asimukataze kitu."

Nilichelewa kuitambua. Ilikuwa sauti ya baba, ile yake ya kukwaruza, na kicheko kidogo mwishoni. Picha zake tunazo, zimejaa ukutani. Sauti yake hatukuwa nayo popote.

"Ingine ya nini?" mwenyekiti akauliza, kwa upole kabisa.

Njia ya kutokea ilikuwepo. Picha ilikuwa ukungu, Fanta ingepita bila shida, na mimi nilishafungua mdomo nimdanganyie mama yangu.

"Ya bia," mama akasema. Hakumtazama mwenyekiti. "Rudisha, mwanangu. Rudisha pale kwa baba yako, uongeze sauti."

Nikarudisha. Akataka tena, nikarudisha tena. Mwanzoni akina mama walikuwa wanatazamana na kukohoa. Mara ya nne hakuna aliyekohoa, na mmoja wao, mjane kama mama, alikuwa anafuta macho kwa kitenge.

Kiti cha uenyekiti alipewa mama mwingine, ambaye harusi yake haikupigwa video. Siku hizi mama yangu hata mbele ya televizyo hakai. Kiti chake amekisogeza pembeni, kwenye bafle ya kushoto, na picha inajionyesha yenyewe.