Mwalimu Shija Alipousoma Uthibitisho Wangu

Usiku ule nililala na hasira. Jioni ya siku hiyo nilikuwa nimefungua jarida la hisabati, nikakuta uthibitisho nilioufanyia kazi miaka minne umechapishwa kwa jina la Profesa Mbwana peke yake. Mbwana alikuwa msimamizi wangu chuoni. Ndiye aliyenishika mkono nilipoanza utafiti wa kulinda siri kwa chembe za mwanga: namna watu wawili wanavyoweza kutumiana ufunguo wa siri, na mtu wa tatu akidukua, wakamgundua. Daftari langu lenye uthibitisho huo nilimpa mimi mwenyewe, alisome. Nilipompigia simu alisema tu, "Neema, wewe bado kijana. Zamu yako itafika."

Ndotoni nikajikuta darasani kwetu sekondari, asubuhi, vumbi la chaki likielea juani. Mwalimu Shija yupo ubaoni. Alishafariki miaka mingi iliyopita, nami nalijua hilo wala siogopi. Ndiye aliyemfuata baba nyumbani kumwomba asiniachishe shule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu tusome."

Ubao umejaa uthibitisho wangu, kwa mwandiko wangu. Namwambia huku nalia, "Mwalimu, wameniibia." Hageuki. Anatembeza kidole, mstari hadi mstari. Mara darasa ni ukumbi mkubwa, viti vimejaa wageni, na Profesa Mbwana yuko mbele anapigiwa makofi. Hakuna anayemwona mwalimu wangu akiendelea kusoma, na koti lake la kahawia lililopauka mabegani. Kidole kinasimama mstari wa tisa.

"Hapa umedhani. Hujathibitisha."

Naangalia. Ni kweli. Furaha mbaya inanipanda: basi Mbwana ataumbuka mbele ya watu! Mwalimu ananigeukia, ananitazama kama alivyonitazama siku aliponikamata nimenakili jibu.

"Kosa hili ni la nani?"

Nashindwa kusema ni la Mbwana.

"Ukidai kazi ni yako, Neema, dai na kosa lililomo."

Nikaamka, mto umelowa. Nikakaa mezani nikapiga hesabu upya mpaka kukakucha. Mstari wa tisa ulikuwa na pengo, palepale aliponionyesha. Nikawaandikia wahariri wa jarida: "Uthibitisho mliouchapisha ni wangu, na una kosa. Kosa hilo nimelifanya mimi."