Kipanya cha Kuvukia Daraja

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani. Miaka ishirini na sita amekaa pale dirishani, futi ya kupimia shingoni, akishona sare za shule na magauni ya watu wanaoyataka jana. Jumapili alasiri hufunika cherehani na kuwasha kompyuta aliyoachiwa na mwanawe. Mwanawe yuko mgodini, mbali. Hukutana ndani ya gemu, wakatembea pamoja katika nchi ya mawingu.

Huko kuna daraja ambalo mbao zake hudondoka moja moja. Asiyegeuka upesi hudondoka nazo. Kijana alivuka. Mama mdogo alianguka. Wiki tano alianguka, kipanya chake kikuukuu cha kompyuta kikikwama, na kila mara kijana alirudi kumfuata. Jumapili ya tano akasema kwenye spika, kwa upole, "Basi mama, tukae tu upande huu."

Upole huo ndio uliomchoma.

"Anaanza kunichoka," aliniambia. "Nipeleke duka la kompyuta, nikatafute kipanya kingine."

Muuzaji alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Kipanya mnamtafutia mjukuu, mama?"

"Namtafutia mwenye mikono hii."

Nilitaka kumjibu. Nani aliyepitisha sheria kwamba ndoto zina umri? Lakini mama mdogo alikuwa ameshatoa mkobani kipande cha kitambaa, amekichora kwa chaki mviringo wa shimo la mkono, na kukitandaza juu ya kaunta. Akaomba afunguliwe ukurasa wa kuchorea kwenye kompyuta ya duka. Akaanza kufuata mstari wa chaki kwa kipanya, polepole, kama anayekata hariri ya mtu.

Cha kwanza kilikuwa na vitufe tisa na taa za kila rangi. Mstari ukatoka umevunjikavunjika.

"Hiki kimejipamba kuliko mimi," akasema, akakisukuma pembeni.

Cha nne kilikuwa kidogo, cha kijivu, hakina mbwembwe. Mviringo ukajichora laini kwenye kioo, mkono mzima wa gauni ukitokea hewani.

"Hicho ni cha wanaoanza, mama."

"Kwani mimi namaliza?"

Muuzaji akacheka, akavuta kiti, akaleta kibodi zote alizokuwa nazo. Mama mdogo alifumba macho, akabonyeza kitufe cha kurukia kwenye kila moja. Alitaka kinachoitika kabla kidole hakijafika chini. "Cherehani yangu hunisikia kabla sijamaliza kukanyaga," alieleza. Akaipata kibodi ya saba, akainunua pamoja na kile kipanya cha kijivu.

Jumapili iliyofuata jua lilikuwa limelala juu ya majora ya vitambaa. Nilikaa nyuma yake. Kwenye kioo, kijana alikuwa ameketi ukingoni mwa daraja, hata hakujiandaa, alishazoea. Mama mdogo akapita mbele yake.

Mbao zikaanza kudondoka. Mkono wake ulizunguka taratibu, kama anayepinda kola, na kila ubao ulipoondoka yeye hakuwa tena juu yake. Kisha chini ya miguu yake kukawa na majani ya ng'ambo. Hakusimama. Aliendelea kupanda kilima, nyasi za mawingu zikimfika kiunoni.

Spika ikakohoa. "Mama," sauti ikasema. "Mama, ningoje."

"Njoo upesi," akajibu, bado anatembea. "Naona nyumba huku mbele, dirisha liko wazi."