Nilimwacha Amalize Sahani

Nimekosa, na sitaki kuzunguka mbuyu. Nilimlisha jirani yangu Mwislamu nyama ya nguruwe. Tonge la kwanza lilikuwa bahati mbaya. Yaliyofuata yote niliyafanya na akili zangu timamu, nimekaa mbele yake, uma mkononi.

Ukitaka kunitukana, nitukane tu. Mimi mwenyewe najitukana kila nikipiga mswaki asubuhi.

Naishi Babati, Bagara. Jirani yangu nitamwita Mama Zuhura, ingawa si jina lake. Anauza vitenge sokoni, mume wake ana duka la vifaa vya ujenzi. Chumvi ikiniishia naingia jikoni kwake bila hodi. Futari yake nimeila miaka yote, na watoto wake wamekulia kwenye makande yangu.

Hajawahi kuniuliza chakula changu kina nini. Hajawahi! Anajua kwamba sisi kitimoto tunakula, na anajua kwamba kina sufuria yake, haichanganywi na nyingine. Ndivyo tulivyoishi, na wala hatukuwahi kukaa chini tukakubaliana.

Sasa, wifi yangu akaja kutoka Arusha. Huyu ni dada wa mume wangu, na mdomo anao. Kila akija, kwake Babati ni porini. "Wifi, huku mnakula nini zaidi ya ugali na perege?" Anacheka, na mume wangu naye anacheka, mimi naendelea kukoroga uji kama sijasikia.

Mtaani kwetu kuna mgahawa mdogo wa Kiitaliano. Mwenyewe ni Mtanzania mwenzetu, aliwapikia Wataliano hotelini mpaka akachoka, akarudi kwao akaweka meza chache barazani na vitambaa vya mirabamiraba. Nilikuwa naupita kila siku nikienda sokoni. Kuingia, sijawahi. Lakini siku hiyo nikamwambia wifi kwa madaha, "Jiandae, nikupeleke ninapokulaga."

Ninapokulaga! Mimi, ambaye tambi nilikuwa nazijua za sukari na iliki tu.

Nikamvuta na Mama Zuhura, maana kukaa peke yangu na wifi ni adhabu. Alisita kidogo. "Jirani, hivyo vyakula vya Kizungu nitaviweza kweli mimi?"

"Mimi nipo," nikamjibu. "Unaogopa nini?"

Tukakaa. Vyakula vimeandikwa ubaoni kwa Kiitaliano, hakuna neno hata moja ninalolijua. Wifi ananitazama. Mtu mwenye busara angesema, "Dada, hebu tueleze." Mimi nikanyoosha kidole kwenye mstari mmoja kama mtu anayenunua nyanya. "Hii. Tatu."

Yule dada wa kuhudumia alimtazama Mama Zuhura na ushungi wake, kisha akanigeukia mimi. "Samahani mama, hiyo ina..."

"Dada, tunajua," nikamkata. "Leta tu, sisi si washamba."

Wifi akatabasamu. Ooh, nilivimba kichwa! Nilijiona nimemaliza kazi.

Chakula kikaja. Tambi ndefu zinateleza kwenye mayai mabichimabichi, zimenyunyiziwa jibini lenye harufu ya soksi za mlinzi, na katikati vipande vidogo vya nyama, vyekundu, vina mafuta. Nikajikaza. Nikatia mdomoni.

Nikajua hapo hapo. Mtu anayekula kitimoto kila Jumapili baada ya misa hawezi kukosea. Yale mafuta yanavyoyeyuka, ule utamu unaobaki kwenye meno. Nikainua macho.

Mama Zuhura alikuwa ameshasema bismillah. Alikuwa anazungusha tambi kwenye uma, zinamponyoka, anajicheka mwenyewe kama mtoto. Akapata tonge. Akatafuna. Akaniuliza, "Jirani, hii nyama gani? Laini hivi!"

Kilichotakiwa ni neno moja tu. Hata kumnyang'anya uma ningeweza. Lakini wifi alikuwa ananitazama, na nikaona jinsi atakavyoisimulia Arusha nzima, kwamba wifi yake wa porini alijifanya anajua kuagiza.

"Ng'ombe," nikasema. "Wataliano wanaikausha kwa moshi."

"Mashallah, tamu."

Akala. Jamani, akala yote! Akachukua na kipande cha mkate akafuta sahani, na mimi nikawa nazungusha uma kwenye tambi zangu. Nilisikia kinyaa, tena si cha chakula. Kinyaa cha mtu aliyekaa humo ndani ya gauni langu la kanisani. Na bado sikusema.

Aliyesema ni wifi. Hata hakuwa na nia mbaya, wala lile langu la ng'ombe hakulishika. Alijifuta mdomo akasema, "Kitimoto chao wanakijulia. Sijui wanakiweka viungo gani."

Mama Zuhura aliweka uma chini polepole. Akanitazama mimi, si wifi. Kisha akatoka mbio mpaka kwenye maua ya mwenye mgahawa, akatapika. Alitapika mpaka ikawa hakitoki kitu, akaingiza vidole akatapika tena. Ushungi wake ukachafuka. Watu wa meza nyingine wakageuza viti vyao.

Nilipomfuata na maji akaniuliza, "Jirani, ulijua?"

"Haki ya Mungu sikujua!"

Nililitaja jina la Mungu, mdomo wangu bado unanuka nguruwe. Na haikutosha. Nikageuka nikamfokea yule dada mbele ya watu wote: kwa nini hakutuambia, hana macho, haoni ushungi? Mwenye mgahawa akatoka jikoni, akamsema msichana wa watu mpaka machozi yakamtoka. Msichana alikuwa anajua nilivyomkata. Alinitazama, akasema, "Samahani mama." Basi.

Nyoo! Mimi ndiye wa kuombwa samahani!

Kesho yake Mama Zuhura alikuja kwangu, macho yamevimba. Nikajua kimeumana. Kumbe amekuja kunifariji. "Nimemuuliza sheikh," akasema. "Asiyejua hana dhambi. Na wewe usijilaumu jirani, hukujua."

Nikamkumbatia. Ndiyo, nilimkumbatia, nikalia begani kwake, akanipigapiga mgongo kama mtoto wake. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo linanitia kichefuchefu mpaka leo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni na ile sufuria iko motoni. Mama Zuhura alikuja kurudisha ungo wangu. Akasimama mlangoni. Akaitazama sufuria, halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Jirani, mimi sijawahi kuionja, ndiyo maana sikuijua. Wewe unaila kila wiki. Ulimi wako haukukwambia?"

Uongo nilikuwa nao tayari, kwamba nilikuwa na mafua. Ukagoma kutoka.

"Nilikuuliza," akasema. "Ukaniambia ng'ombe."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele, afadhali angenizaba kibao tukayamaliza! Aliweka ungo chini akasema, "Niliyokula mimi nimeshasamehewa. Ya kwako sijui." Akaondoka.

Jioni ile ile nikaenda mgahawani kumwambia mwenyewe ukweli kuhusu yule dada. Nikaambiwa ameshaacha kazi, amerudi kwao Dareda. Nimekwenda kwa padre pia, nimeungama, nimepewa kitubio na nimekitimiza. Nashukuru. Lakini padre si jirani yangu.

Mwezi huu mwanangu alipata kipaimara. Huku kwetu Mkristo akiwa na sherehe anamwita Mwislamu achinje, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Mbuzi wa nyumba yangu siku zote huchinjwa na Baba Zuhura. Nilijua safari hii hatakuja. Akaja. Akachinja kama inavyotakiwa, akanawa mikono bombani, akamwambia mume wangu, "Nilimwahidi mtoto." Akaenda zake dukani.

Mama Zuhura naye alikuja. Alivaa vizuri, akampa mwanangu zawadi, akamwombea dua. Nikasema sasa yameisha. Nikampakulia pilau kwa mikono yangu mwenyewe, nikachagua mnofu mzuri wa yule mbuzi aliyechinjwa na mume wake, tena kwa kisu alichokuja nacho kutoka nyumbani kwao.

"Karibu jirani."

"Asante. Nimeshiba."

Nimeshiba! Saa saba mchana, ametoka sokoni moja kwa moja! Pembeni yake walikaa akina mama wengine wa Kiislamu, wenzake wa vitenge. Hakuwaambia kitu, hata jicho hakuwapa. Lakini walimwona. Mmoja akasukuma sahani yake kidogo. Mwingine akasema tumbo linamsumbua. Mpaka mwisho ule mkeka mzima ulikuwa na sahani zimejaa, mafuta yameganda, nzi wanatua, na mimi ndiye niliyeziokota moja moja nikamwagia mbwa.

Siku hizi anapiga hodi kwangu, ananisubiri nje. Watoto wake wakipewa andazi kwangu wanasema asante, halafu wanaenda nalo nyumbani.

Ndugu yangu unayesoma, usijidanganye kwamba ni jambo dogo. Hujui kusoma ubao, sema hujui. Mhudumu akifungua mdomo, mwache amalize. Na mtu akikuuliza kilichomo kwenye sahani yake, mwambie hata kama meza nzima itakucheka, hata kama ameshameza nusu. Nusu ya pili ndiyo iliyoniua mimi. Kwa ile ya kwanza ningeomba radhi tukarudi nyumbani pamoja.

Na huyo unayemwogopa usimwogope, hana habari na wewe! Juzi nilimpigia simu wifi kumpa pole ya homa. Tukaongea weee, kisha akaniambia akija tena nimpeleke pale pa Kiitaliano. "Nimesahau," akasema, "hivi siku ile tulikula nini?"