Nilitibu merge conflict zilizokuwa zinatukwamisha, simu za Jumamosi zikaisha

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hili limenitokea mimi mwenyewe hapa Buffalo, Marekani, sijaongeza chumvi.

Mimi ni Mkongo niliyesomea kambini Tanzania. Tulikuwa watatu tuliojifunza kompyuta pamoja kule, kisha resettlement, ule mpango wa kuhamishia wakimbizi Marekani, ikatutawanya. Mimi nikaletwa West Side, Buffalo. Sadiki na familia yake wako Shively, Louisville, anafanya kazi warehouse. Neema yuko Columbus, anatunza wazee.

Mwaka jana, 2015, tukaanza kutengeneza app ya nyimbo za kwaya, kila mtu kwake, code tunaunganisha kwa Git, programu ya kutunza na kuunganisha kazi za watu wengi.

Kila Jumamosi mchana tunapigiana simu watatu, mimi nafanya merge, yaani naunganisha kazi zetu. Hapo ndipo balaa lilipokuwa.

Faili la nyimbo lilikuwa moja, kubwa. Nikifungua merge tool, feni inanguruma, screen inakuwa nyeupe. Ikifunguka, kila mstari ni conflict, yaani mgongano wa kazi yangu na yao. Kila mstari, wakuu! Hata wimbo ambao hakuna aliyeugusa.

Basi tunasubiri. Neema anasimulia sombe, yaani kisamvu, aliyoipata duka la Morse Road. Watoto wa Sadiki wanamjibu kwa Kiingereza, yeye anawagombeza kwa Kiswahili, sisi tunacheka. Mchana wote unakwisha hivyo.

Mimi nikaona aibu. Mimi ndiye fundi wao, mbona nawapotezea muda watu waliochoka na kazi?

Siku moja theluji ilifunga kiwanda ninachofanya kazi, nikakaa na tatizo. Nikaongeza RAM, wapi. Nikabadilisha merge tool, wapi. Nikasafisha repo, ghala la code yetu, kwa amri ya git gc, bado.

Mwisho nikalinganisha mafaili kwa kuiambia Git ipuuze nafasi za mwisho wa mstari. Maelfu ya tofauti yakabaki machache tu!

Kumbe Windows ya Sadiki inamalizia kila mstari kwa alama isiyoonekana, Linux yangu haiiweki. Kwa Git, faili zima limebadilika. Nikaweka faili la .gitattributes ili mistari yote imalizike namna moja, na kila wimbo nikaupa faili lake.

Jumamosi iliyofuata, merge iliisha kabla hatujamaliza kusalimiana.

"Donc, tumemaliza?" Sadiki akauliza.

"Tumemaliza."

"Félicitations, hongera chef! Bon, mimi nalala kidogo, niko na shift."

Neema naye akaaga. Simu ikakatika.

Nikabaki natazama screen. Radiator inagonga, basi la jiji linapita nje, mimi na sahani yangu moja.

Jumamosi ya pili hakuna aliyepiga. Ya tatu vilevile. Code inaingia safi, inajiunga yenyewe. Niliona majina yao kwenye log tu, ile orodha ya mabadiliko.

Msinicheke kwa hili. Jumamosi moja nilifungua ile .gitattributes nikaichagua yote, kidole kiko kwenye delete. Nilitaka iharibike tena, tusubiri tena.

Sikufuta. Nikampigia Neema.

"Ndugu, nini imeharibika?" Ndiyo salamu yake ya kwanza.

"Hakuna kilichoharibika."

  Nikasema, "Nilitaka tu kukusikia, dada."

"Niko ku parking," akasema polepole. "Nikitoka kazi ninakaaka kwanza mu gari. Mu nyumba hakuna mutu. Nilifikiri wewe na Sadiki muko busy, nikaogopa kusumbua."

 Tukamwingiza Sadiki kwenye simu, naye akauliza, "Kuna bug?" Neema akamjibu, "Hakuna bug, kaa tuongee." Akakaa.

Sitawadanganya kwamba upweke umeisha. Buffalo ni ileile, na kuna Jumamosi shift zinagongana, hakuna anayepatikana. Ila sasa napiga bila sababu.

Nilichojifunza: mistari ikigombana yote, angalia line endings, zile alama za mwisho wa mstari, kabla hujanunua RAM. Na usimpigie rafiki pale tu kitu kinapoharibika.

Wenye ujuzi wa Git nikosoeni. Na wewe uliye mbali na watu wako, hebu tuambie hapa chini: ni nani hujampigia kwa kuogopa kumsumbua?