Nyama Niliyoificha Katikati ya Matobolwa

Nyie vijana mtakaosoma haya, mnaosafiri na begi la magurudumu lenye nguo tupu na paketi mbili za biskuti, msinicheke kabla sijamaliza. Shule niliishia darasa la nne. Lakini kufunga mzigo wa chakula nilifundishwa na mama yangu, na wa rika langu wanajua hiyo nayo ilikuwa shule.

Tulipokuwa wadogo hapa Magamba, Mpanda, mtu hakutoka nyumbani mikono mitupu. Viazi vitamu vikivunwa, mama alivichemsha, akavikata vipande, tukavianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Hayo ndiyo matobolwa. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza mbuzi, na mwizi mkubwa kuliko mbuzi tulikuwa sisi wenyewe. Yakikauka yanakuwa magumu, kipande kimoja unakitafuna toka nyumbani mpaka shuleni na utamu bado upo. Meno yetu yalikuwa meno. Nyie hata muhindi wa kuchoma mnalalamika fizi.

Mwaka mmoja mimi na kaka yangu Damiani tulipelekwa Tabora kwa shangazi, kwa treni. Mama akatupa mfuko umejaa. Hatujafika Kaliua, nusu imekwisha. Shangazi alipoufungua alitutazama, akasema, "Panya wa treni hii wana miguu miwili."

Habari zikamfikia mama. Toka hapo kitu kizuri, hasa nyama ya kukausha, alikifunga kwenye kitambaa na kukizika katikati ya mfuko, matobolwa chini, matobolwa juu. Mbebaji haambiwi. "Mwenye mzigo yuko mbele," alisema. "Wewe ni miguu tu."

Nami nimefunga hivyo maisha yangu yote. Wanangu walikuwa wakifika bwenini wanakuta nyama, wanaruka kwa furaha. Sikuona kosa.

Basi juzi mjukuu wangu Skola, aliyelelewa na mikono hii, akapata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani. Miaka mitatu aliisubiri. Nikamfungia matobolwa, na katikati nikazika nyama. Nyama ya ng'ombe wa baba yake, si ya porini, msije mkanitumia askari wa wanyamapori. Sikumwambia. Akapanda basi, akafika Dar es Salaam salama, akanipigia akiwa uwanja wa ndege.

"Bibi, begi nimeshalikabidhi. Kuna mwenzetu alikamatwa kule Ujerumani na nyama kwenye begi, alisema hana kitu. Faini, na jina likaandikwa kwenye orodha ya wakosaji. Afadhali sisi tumeweka viazi tu."

Mimi ninayefokea watu wazima nikaogopa kumwambia. Nikasema, "Haya, Mungu akutangulie," simu ikaisha.

Nilikaa kidogo tu. Nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani, ameshapanda. Mkwe wangu, mama yake Skola, aliponiona napiga na kupiga, ikabidi niseme. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, mwachie ujumbe wa sauti, akiwasha simu atausikia." Nikasema kwenye simu ile: "Skola, kuna nyama katikati. Niliificha mimi. Ukiulizwa usikatae, sema bibi yangu ndiye mwenye kosa."

Siku iliyofuata nilipepeta mchele ambao ulikwishapepetwa. Watoto wakapita kwa kunyata. Saa nne asubuhi simu ikalia.

"We bibi we! Unataka nirudishwe Mpanda hata baridi sijaionja?"

"Wamekushika?"

"Nilisikia sauti yako kabla begi halijatoka. Nikawaendea wakaguzi mwenyewe, nikawaambia kuna nyama, kaificha bibi. Mmoja wao, mzee wa Kijerumani, akacheka, eti hata bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Wametoa nyama, viazi wamenirudishia. Hakuna faini, hakuna jina. Ila nyama wameitupa, bibi."

"Itupwe!" nikasema. Nikakaa pale pale kwenye pumba, nikacheka mpaka machozi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutupiwa nyama.

Enzi zetu mzigo ulikaguliwa na shangazi peke yake, na adhabu ilikuwa neno moja lenye kuuma. Siku hizi unapita kwenye mashine inayoona mpaka utumbo wa begi, na anayejibu ni mbebaji, si aliyefunga. Jiwe letu la kuanikia bado lipo, ila wajukuu wanaanika juu ya bati. Naukumbuka ule mfuko wa mama, na ile furaha ya moyoni ukikuta kitu usichokitegemea. Lakini siurudishi.

Jioni ile niliwaita wote waliomo ndani, nikawaambia: "Kuanzia leo nyumba hii haifungi mzigo mbebaji akiwa amegeuka. Mwageni vyote mkekani, aone, afunge kwa mkono wake. Na akila njiani, mwacheni ale."