Mama Mzazi wa Hope

Mtaani kwetu Nangara hakuna anayemwita Lukresia kwa jina lake. Ni Mama Hope, basi. Yeye ni fundi wa nguo; ukimwita vingine atakushonea ya kubana makusudi. Mimi ni jirani yake, na ninayo moja.

Hope alizaliwa mwaka ule Manyara ilipofanywa mkoa. Aliyemzaa ni Rosemary, dada yake Lukresia. Mshipa ulipasuka tumboni siku hiyohiyo ya kujifungua, akafa. Lukresia akamchukua mtoto, na jina la dada yake halikutajwa tena nyumbani humo. Sisi majirani tulilijua, tukafunga midomo. Bado najichukia kwa hilo.

Lukresia alimkumbuka Rosemary kila siku. Mara nyingine, akiwa kwenye cherehani yake, aligeuka kumwambia jambo, akakuta ukuta.

Binti alikua na ngozi nyembamba, mishipa yote nje nje. Akigonga meza kidogo tu, anavilia damu. Alipofika miaka kumi na tisa, amechumbiwa na Calvin wa Sigino, watafiti wa magonjwa ya kurithi walikuja hospitali alikotibiwa. Walikata kipande cha ngozi yake na cha Lukresia, vidogo kuliko punje ya maharage. Daktari Evelyne alieleza kwamba mwili hubeba maelekezo ya urithi, yaani jeni. Wao hupima jeni zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimefifia, hasa zile za kutengeneza nyuzi zinazoshikilia ngozi na mishipa.

Fomu iliuliza jina la mama mzazi. Lukresia akaandika lake bila kusita. Kwetu mama mdogo ni mama, nani angebisha?

Majibu yalirudi baada ya miezi.

“Jeni ya nyuzi kwa Hope imefifia,” daktari alisema. “Yako, Mama Hope, iko sawasawa. Inaelekea hakuurithi ugonjwa huu, umeanza kwake mwenyewe. Kuna mtu wa ukoo aliyewahi kufa ghafla? Tukikosa habari hiyo, hatuwezi kujua kama ujauzito ni hatari kwake.”

Lukresia alisema hapana. Walifika mpaka getini, Hope akizungumzia harusi, akitaja majina ya watoto atakaowazaa. Hapo Lukresia akashindwa kuendelea.

“Hope, mwanangu, mimi sikukuzaa.”

Akamweleza yote palepale wamesimama, akingoja kuitwa mama mdogo. Aliliogopa neno hilo kuliko ugonjwa wenyewe.

Hope akamshika mkono, wakarudi kwa daktari kusahihisha fomu. Evelyne alipouliza jina la marehemu, Lukresia alilitamka kwa sauti: Rosemary. Akalirudia, ingawa daktari alikuwa ameshaandika.

Nje Hope akauliza, “Mama, alikuwa anachekaje?”

Lukresia akajaribu kumwigiza. Kicheko kilitoka chenyewe, cha Rosemary hasa, kikamshtua. Akakaa chini kwenye ngazi za hospitali, akamlilia dada yake kwa mara ya kwanza mbele ya mtu.