Lori Lililopita Vituo vya Karibu

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo Nairobi na cheti cha ugavi na uchukuzi, kozi ambayo mama aliwaeleza wenzake kanisani kuwa ni "masomo ya lori." Stoo moja ya mbegu mjini Kitui ikaniajiri niwe karani wa kupanga safari. Kumbe safari zilipangwa zamani: lori huanza kituo cha karibu, humalizia cha mbali, basi.

Mwaka ule ukame ulikuwa umewalazimu watu kula hata mbegu walizoweka. Shehena yetu ya mbegu ilipofika, mawingu yalishaanza kukusanyika. Nilikuwa na lori moja, vituo vinne, na mto wa mchanga usio na daraja. Vituo viwili vilikuwa ng'ambo.

Nikamwendea mkubwa wa stoo. "Tuanze ng'ambo," nikamwambia. "Mvua ikinyesha huko juu mto utajaa, na wale wa ng'ambo hawatapanda mbegu."

"Upite watu wa karibu wakikuangalia?"

"Wa karibu tutawafikia hata kwa punda."

Akalitazama lori, ambalo lilikuwa limeshapakiwa. "Basi utaenda nalo mwenyewe. Wakiuliza, utawajibu wewe."

Tukashusha kila kitu, tukapakia upya: magunia ya karibu ndani kabisa, ya ng'ambo mlangoni. Wapakiaji walinung'unika. Dereva, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walihamia Kitui kutoka pwani, aliisoma karatasi yangu ya mpango wa kupakia mara mbili.

"Miaka yote hii nashusha magunia kumi ili nipate mawili," akasema. "Kumbe kuna watu wanasomea jambo hili."

Kituo cha kwanza akina mama walikuwa wamejipanga kando ya barabara na vyondo vyao vya kubebea mbegu. Nikatoa kichwa dirishani nikawaambia tunarudi leo leo. Tukaendelea mpaka mtoni.

Mto ulikuwa mkavu. Ng'ambo tulishusha haraka ajabu, maana kila gunia lilikuwa mkononi. Niliona karatasi yangu ikigeuka kuwa watu wanaobeba mbegu kuelekea mashambani, na moyo ukanidunda kama niko mbioni.

Tuliporudi, maji ya kahawia yalikuwa yakishuka polepole, yamebeba povu na vijiti. Mzee akashuka, akayapima kwa mguu, akapanda tena. "Shikilia, mwanangu." Tukavuka maji yakigonga magurudumu. Tulipogeuka juu ya ukingo, pale tulipopita palikuwa pananguruma. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mzee naye akacheka.

Mvua ilitukuta kituo cha mwisho, kwa wale akina mama wa kando ya barabara. Turubai lilikuwa na tundu, magunia matatu yakalowa. Mama mmoja alikataa lake, na alikuwa na haki. Nikamletea jingine kesho yake.

Mkubwa aliniandikia barua ya onyo kwa yale magunia matatu. Shehena iliyofuata ilipoingia, akaja mezani kwangu akavuta kiti.

"Haya," akasema, "tuanze wapi?"